Ngumi Tano za Xingyiquan: Namna ya Kuzipiga na Jinsi Asili Tano Zinavyoziongoza

Miongoni mwa sanaa za mapigano za Kichina zinazoitwa za ndani, yaani Taijiquan, Baguazhang na Xingyiquan, hii ya tatu ndiyo iliyo wazi zaidi kwa mtu anayetaka kujifunza kupiga. Mwendo wake ni wa kusonga mbele, mapigo yake ya msingi ni matano tu, na kila pigo limefungamanishwa na mojawapo ya asili tano za falsafa ya Kichina: chuma, maji, mti, moto na udongo. Nimeandika mwongozo huu nikiwafikiria wasomaji wa Kampala, Jinja, Arua na Busia ambao wamewahi kupitia ndondi au karate, na ambao mara nyingi huelezwa habari za asili tano kwa namna inayofanana na uganga. Ninaamini kwa dhati kwamba nadharia hiyo ni njia ya kuuelekeza mwili, nguvu itoke wapi na ielekee wapi, na kwamba mwanafunzi anayeielewa hivyo huendelea haraka kuliko yule anayekariri jedwali la majina.

Inafaa kwanza kujua sanaa hii ilikotoka, kwa sababu asili yake inaeleza umbo lake. Masimulizi ya jadi huitaja kuwa ya jenerali Yue Fei wa enzi ya Song, lakini mtu anayekubalika zaidi kuwa mwanzilishi ni Ji Jike wa jimbo la Shanxi, aliyeishi katika karne ya 17 na kusifika kwa ufundi wa mkuki. Aliupeleka mwendo wa mkuki katika mikono mitupu. Ndiyo maana mapigo ya Xingyiquan huenda kwenye mstari wa katikati ya mwili, hayazunguki kutoka pembeni, na mguu wa nyuma daima hufuata ule wa mbele, kama afanyavyo mwenye mkuki asiyetaka kuacha pengo kati yake na silaha yake. Baadaye sanaa hii ilihifadhiwa na ukoo wa Dai, na katika karne ya 19 Li Luoneng akaipeleka jimbo la Hebei, ambako mwanafunzi wake Guo Yunshen aliipatia sifa kubwa.

Kusimama kabla ya kupiga

Mkao wa msingi huitwa santi, na ngumi zote tano hutoka humo na kurudi humo. Simama visigino vikiwa pamoja, kisha upeleke mguu wa kushoto mbele kwa umbali ambao bado unakuruhusu kuunyanyua bila kuyumbisha kiwiliwili. Unyayo wa mbele uelekee moja kwa moja unakokwenda, na wa nyuma ugeuke nje kwa nyuzi 45 hivi. Uzito mwingi uwe kwenye mguu wa nyuma. Walimu wengine husema sehemu 6 kati ya 10, wengine 7, na tofauti hiyo isikusumbue mwanzoni. Magoti yote mawili yakunjwe, lakini goti la mbele lisipite vidole vya mguu. Mkono wa kushoto unyooke mbele karibu na kimo cha bega bila kukaza kiwiko, vidole vikiwa vimeachana kidogo, na mkono wa kulia ukae mbele ya kitovu. Mabega yashuke, viwiko vielekee chini, kidevu kiingie ndani, kichwa kiinuke, na ulimi uguse kaakaa huku ukipumua kwa pua.

Kuna vipimo viwili vya kukagua mkao huo. Cha kwanza ni ncha tatu: ncha ya pua, ncha ya kidole cha mkono wa mbele na ncha ya mguu wa mbele ziwe kwenye mstari mmoja. Cha pili ni yale mapatano sita ambayo kila shule ya Xingyiquan huyafundisha. Matatu ni ya nje, ambapo bega hupatana na nyonga, kiwiko na goti, mkono na mguu. Na matatu ni ya ndani, ambapo moyo hupatana na nia, nia na pumzi-hai ambayo Wachina huiita qi, na qi na nguvu. Mapatano ya nje unaweza kuyaona kwa macho na kuyarekebisha leo hii. Yale ya ndani huja polepole, nami ningemshauri anayeanza asiyazungumzie sana kabla miguu yake haijazoea kusimama.

Simama katika santi kila upande hadi mapaja yaanze kutetemeka, upumzike, kisha urudie. Wakati mzuri Uganda ni alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Chagua ardhi iliyokauka: udongo wetu mwekundu, ukishanyeshewa na mvua za Machi hadi Mei, huteleza vibaya, na hatua ya Xingyiquan ikiteleza goti ndilo linaloumia.

Pi, ngumi ya kupasua: chuma

Huanza na pi, na mila hiyo ina sababu nzuri, kwa kuwa pi ndiyo inayokufundisha kuinuka na kushuka, mambo mawili yaliyomo katika kila pigo lingine. Mfano wake ni shoka. Ukiwa katika santi ya kushoto, vuta mikono yote miwili hadi tumboni huku ukiifumba. Ngumi ya kushoto ipande katikati ya kifua na kutoka mbele hadi kimo cha mdomo, upande wa kiganja ukitazama juu, wakati huohuo mguu wa kushoto ukichukua hatua fupi na kugeuka nje kidogo. Sasa ngumi ya kulia ipande ikifuata kigasha cha kushoto. Inapofika kwenye ngumi ya kushoto, mikono yote miwili igeuke na kufunguka, kiganja cha kulia kishuke mbele kwa mwendo wa kupasua, na cha kushoto kivute nyuma hadi kitovuni. Mguu wa kulia uingie mbele, wa kushoto ufuate kwa nusu hatua. Umefika katika santi ya kulia.

Jambo la kuangalia kwa makini ni wakati wa kufika. Kiganja na mguu wa mbele vifike pamoja. Mgeni wa sanaa hii karibu kila mara hutua mguu kwanza, kisha hupiga kwa bega lililobaki peke yake, na pigo linakosa uzito. Mwombe mwenzako afumbe macho na asikilize: akisikia sauti ya mguu ardhini kabla ya mtikisiko wa kiganja kwenye pedi, umechelewa. Punguza mwendo mpaka asisikie tofauti, ndipo uongeze kasi tena.

Pi haipigi kwa ukingo wa kiganja kutoka juu ya kichwa jinsi baadhi ya watu wanavyodhani. Njia yake ni mbele na chini kwa pamoja, na mkono unaorudi nyuma una kazi kubwa kama ule unaokwenda mbele, kwa kuwa ndio unaomshika mpinzani na kumvuta katika pigo.

Zuan, ngumi ya kuchimba: maji

Mtu aliyekwisha kuijua pi ameshaijua nusu ya zuan. Mkono wa mbele hugeuka na kufunika chini, ukiukandamiza mkono wa mpinzani, na ngumi ya nyuma hupanda kutoka tumboni ikipita juu ya mkono huo hadi kimo cha pua, upande wa kiganja ukitazama juu na kidole kidogo kikiwa kimesokotwa kuelekea nje. Kiwiko kisiache mstari wa mbavu. Hatua ni kama ya pi, mkono na mguu wa upande mmoja vikienda pamoja. Shabaha ni kidevu kutoka chini. Wana ndondi wataona undugu wake na ngumi yao ya kupandisha, lakini hapa ngumi haizunguki. Hupenya mahali penye nafasi, tabia ambayo Wachina wa kale waliihusisha na maji.

Beng, ngumi ya kuvunja: mti

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa beng ndiyo roho ya mapigo ya Xingyiquan. Mfano wake ni mshale. Kutoka santi ya kushoto, fumba mikono. Mguu wa kushoto uingie mbele, na ngumi ya kulia itoke nyongani moja kwa moja hadi kimo cha chembe cha moyo, dole gumba likiwa upande wa juu. Ngumi ya kushoto irudi nyongani kwa wakati huohuo. Mguu wa kulia ufuate na kutua karibu na kisigino cha kushoto, nao ndio unaoisukuma ngumi katika sehemu ya mwisho ya safari yake. Pigo linalofuata hutolewa na ngumi ya kushoto, lakini mguu wa mbele haubadiliki: wa kushoto tena huingia, wa kulia tena hufuata. Huo ndio mwendo wa nusu hatua. Inasimuliwa kwamba Guo Yunshen alifungwa gerezani kwa kumuua jambazi, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imefungwa pingu, akawa anafanya mazoezi ya beng kwa nusu hatua iliyowezekana. Aliporudi uraiani watu wakasema kwamba kwa nusu hatua yake amezipiga pande zote za nchi. Masimulizi hayo ni ya jadi na yachukuliwe hivyo, ila yanaonyesha vizuri jinsi pigo hili lisivyohitaji nafasi.

Uganda ina historia ndefu ya ndondi. John Mugabi aliileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na hadi leo katika mitaa mingi ya Kampala utakuta vijana wakipiga begi. Kijana wa namna hiyo akijaribu beng, kisigino chake cha nyuma huinuka, nyonga huzunguka, na bega la mbele hupanda kulinda kidevu, yote yakiwa sahihi katika ulingo wa ndondi. Katika beng kisigino hicho hukaa chini au karibu na chini, nyonga hugeuka kidogo sana, na nguvu hutoka kwenye mwili mzima unaosogea mbele. Umewahi kulisukuma gari lililokwama kwenye tope? Hukulipiga kwa bega, ulijipanga nyuma ya mikono, ukakandamiza ardhi kwa miguu, na gari likaenda. Beng ni msukumo huo uliofupishwa hadi muda wa kupepesa jicho.

Jaribio moja litakuonyesha kama umeipata. Nyoosha ngumi hadi mwisho wa pigo na ubaki hapo, kisha mwenzako aweke kiganja kwenye ngumi yako na kukusukuma kwa nguvu inayoongezeka taratibu, akifuata mstari wa kigasha chako. Kama kiwiko kimetoka nje, kitakunjika mara moja. Kama bega limepanda, utahisi shinikizo likikwama shingoni. Vyote vikiwa mahali pake, utahisi shinikizo likishuka mgongoni hadi kwenye unyayo wa nyuma, nawe hutalazimika kukaza mkono. Rekebisha kiwiko kwanza: kikipita, kiguse mbavu na kusugua shati. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka kabisa kabla hujagusa begi lolote, na usianze na gunia la mchanga. Mchanga uliolowa na kukauka huwa mgumu kama ukuta, na mifupa midogo ya mkono huvunjika kwa urahisi.

Pao, ngumi ya mzinga wa vita: moto

Pao huacha mstari ulionyooka na kwenda kwa hatua za upande, nyuzi 45 kushoto kisha 45 kulia. Mikono yote miwili hukutana tumboni, kisha mmoja hupanda mbele ya uso ukizunguka hadi karibu na kipaji, na mwingine hupiga mbele kwa kimo cha kifua. Mguu wa kushoto ukiwa mbele, ngumi ya kulia ndiyo hupiga. Mkono unaopanda usiwe ngao iliyoinuliwa na kuachwa hewani; huzunguka ili kuutelezesha mkono wa mpinzani, nao hupanda kwa kiasi kinachotosha tu, kwa sababu kiwiko kilichopanda sana huacha mbavu wazi. Mlipuko huanza tumboni na kwenda pande zote mbili kwa mara moja.

Heng, ngumi ya kukingama: udongo

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayofundishwa vibaya zaidi. Ngumi ya nyuma hupita chini ya kiwiko cha mkono wa mbele, ikisokotwa hadi kiganja kitazame juu, na kutoka mbele kwa kimo cha kifua ikielekea kidogo upande wa nje. Mkono uliokuwa mbele hugeuka kiganja chini na kurudi tumboni. Hatua ni ya upande kama ya pao, mguu wa kushoto na ngumi ya kulia, mguu wa kulia na ngumi ya kushoto. Wanafunzi wengi huizungusha ngumi kwa upana kana kwamba wanapiga shavu. Mafundisho ya kale yanasema kwamba katika heng kule kukingama kusionekane. Ngumi huonekana ikienda mbele, huku msokoto wa kigasha ndio unaobeba nguvu ya kwenda pembeni. Kwa kuwa msokoto huo umo katika ngumi zote, heng huitwa mama wa nne zilizobaki, sawa na udongo unaoshika nafasi ya katikati katika asili tano.

Mizunguko miwili ya asili tano

Nadharia hii ni ya kale kuliko sanaa yenyewe. Ilipangwa na wanafalsafa wa Kichina, hasa Zou Yan, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ili kueleza mabadiliko ya ulimwengu, na wapiganaji waliichukua baadaye. Ina mizunguko miwili. Katika mzunguko wa kuzaa, chuma huzaa maji, maji huzaa mti, mti huzaa moto, moto huzaa udongo, na udongo huzaa chuma. Ukizitafsiri asili hizo kuwa ngumi, utapata pi, zuan, beng, pao, heng, kisha pi tena, na huo ndio mpangilio niliofuata hapa. Uitumie katika mazoezi ya peke yako: kila ngumi humalizia mwili mahali panapofaa kuanzia inayofuata. Pi imeshuka, kwa hiyo zuan inapanda. Zuan imepanda, kwa hiyo beng inatoka chini yake.

Mzunguko wa kushinda ndio unaomhusu anayepigana na mwenzake, na hapa maelezo ya maneno matupu hudanganya sana. Chuma hukata mti, kwa hiyo pi huishinda beng: mkono unaokuja umenyooka hupasuliwa kutoka juu kabla haujafika. Moto huyeyusha chuma, kwa hiyo pao huishinda pi: kiganja kinachoshuka huinuliwa na kutelezeshwa kando, na ngumi ya pili huingia chini yake. Maji huzima moto, kwa hiyo zuan huishinda pao, ikipanda katikati mahali ambapo mikono ya mpinzani imetengana. Udongo huzuia maji, kwa hiyo heng huishinda zuan, kwa kuwa nguvu inayopanda ni dhaifu ikiguswa kutoka pembeni. Mti hupenya udongo, kwa hiyo beng huishinda heng, kwa sababu iliyonyooka hufika kabla ya iliyokingama kumaliza msokoto wake. Katika kila jozi sababu ni pembe na wakati, na mtu akichelewa, hata chuma chake hakitakata chochote. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimewaona vijana wakisimama mbele ya ngumi wakitafuta kichwani ni asili gani inayowajia. Jibu linapaswa kuwa limeshazoeleka mwilini.

Jadi pia huihusisha kila ngumi na kiungo cha ndani: pi na mapafu, zuan na figo, beng na ini, pao na moyo, heng na wengu. Hiyo ni sehemu ya tiba ya jadi ya Kichina na inafaa kujulikana, lakini mwenye maradhi ya moyo au ya figo aende hospitali, na amuulize daktari kabla ya kuanza mazoezi haya.

Kuziweka pamoja

Kwa miezi ya mwanzo fanya santi na pi tu, ukiongeza beng miguu ikishakuwa imara, kisha zuan, pao, na mwishowe heng. Ukiwa na uwanja wa shule au ua mrefu kiasi, piga ngumi moja hadi mwisho wa uwanja, geuka, na urudi na hiyohiyo. Ngumi ishirini zilizokaguliwa zina faida kuliko mia zilizotupwa. Baada ya ngumi zote tano kuna mfululizo mfupi unaoziunganisha, uitwao lianhuan, na huo ni vizuri kuupata kwa mwalimu, kwa maana migeuko yake haielezeki vema kwa maandishi.

Mazoezi ya wawili unaweza kuyaanza sasa. Simameni mkitazamana kwa umbali wa hatua moja, wote mkiwa katika santi. Wa kwanza apige beng polepole kifuani, wa pili ajibu kwa pi. Wa kwanza aipokee pi kwa pao, wa pili aijibu pao kwa zuan, wa kwanza aizuie zuan kwa heng, na wa pili aipenye heng kwa beng. Kwa kuwa asili ni tano na ninyi ni wawili, beng sasa imehamia kwa yule wa pili, na mzunguko unaendelea mkiwa mmebadilishana nafasi bila kusimama. Mwenye kupiga aingie hatua moja, mwenye kujibu arudi nusu hatua au ahame pembeni kulingana na ngumi yake, na ngumi zote zisimame upana wa kiganja kabla ya mwili. Mnapoona mmoja wenu ameanza kurudi nyuma kabla hajapigwa, punguzeni kasi hadi arudi kuusubiri mkono, kisha mwanze upya kwenye beng.